Tepu Iliyochemshwa

Mzee Mosoti alikuja dukani Jumatatu asubuhi kudai ukurasa wake. Hakuketi. Alisimama mlangoni na leso puani, kana kwamba ndani kulikuwa na mzoga, akaelekeza kidole kwenye daftari la vipimo lililokuwa juu ya meza ya kukatia.

"Nimeandikwa mle ndani," alisema. "Kifua, kiuno, paja. Nataka nipewe."

"Daftari lote, Mzee?" Shangazi Bochaberi aliuliza.

"Ukurasa wangu tu. Wengine watakuja wenyewe."

Fundi Angwenyi alikuwa kwenye cherehani yake, hatua nne kutoka hapo. Hakuinua kichwa. Alimaliza mshono, akakata uzi, akalivuta daftari na kuuchana ukurasa taratibu kwa kufuata rula. Kisha akanipa mimi niupeleke mlangoni. Mzee Mosoti aliupokea kwa ncha za vidole viwili, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni mwa koti lake. Koti lenyewe lilishonwa na Angwenyi.

Mzee huyu ndiye mwenye vile vyumba vya mabati nyuma ya soko la Migori, na duka letu lilikuwa la tatu kutoka barabarani. Ndiye pia mzee wa kanisa letu la Kisabato na mlezi wa kwaya. Kila mwaka, kabla ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya mwezi wa nane, Angwenyi alishona suti za kwaya nzima. Shangazi alikuwa mwenye duka, Angwenyi alikuwa mkono wake wa kukata, nami niliingia miaka miwili iliyopita nikiwa na diploma ya ushonaji kutoka chuo kimoja cha Kisii. Chuoni nilipata alama nzuri katika kila kitu isipokuwa kusimama mbele ya watu na kueleza kazi yangu. Nikitazamwa na watu zaidi ya wawili, ulimi wangu hulala.

Mengine yote nilifundishwa na Angwenyi. Alinifundisha, kwa mfano, juu ya bega la Mzee Mosoti. Zamani alipokuwa akinunua ng'ombe Kehancha, fahali alimkanyaga, na tangu siku hiyo bega lake la kushoto limeshuka vidole viwili. Hakuna aliyejua. Angwenyi aliweka tabaka mbili za sponji upande huo na kuikata kola kwa mshazari kidogo, na mzee akatoka amenyooka kama mlingoti.

"Alikuambia umfiche?" nilimuuliza siku hiyo.

"Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu. Fundi hasimulii alichokiona kwenye mwili wa mtu, Bonareri. Anashona tu."

Kufikia Alhamisi wanaume kumi na mmoja walikuwa wamekuja kuchukua kurasa zao. Mmoja wao alikuwa mwembamba kama ufito, akasema hawezi kulala akijua paja lake limo mikononi mwa mtu kama yule. Rael, mama wa Kijaluo aliyeuza chai mlangoni petu, alimtazama kutoka chini hadi juu.

"Baba, hilo paja lina siri gani?" alisema. "Mimi naliona bure kila siku ukipita na kaptula. Na bado nakunywa chai yangu."

Watu walicheka. Angwenyi naye alitabasamu. Lakini siku hiyo aliharibu mfuko mmoja na kuufumua mara tatu.

Sasa niseme alichofanya. Kwa miaka kumi na moja Angwenyi aliishi katika chumba kimoja nyuma ya soko na mtu anayeitwa Elkanah, fundi wa kuchomelea vyuma. Elkanah alitengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Macalder na Osiri, na kila Ijumaa alirudi mjini na vumbi la mawe kwenye nyusi. Watu waliwaita "wale ndugu" na kuwaagiza kazi. Mchana mmoja nilimkuta Angwenyi akimshonea Elkanah kifungo cha shati huku shati limo mwilini. Alipomaliza aliinama akaukata uzi kwa meno, karibu kabisa na kifua, na Elkanah alikuwa akitazama barabara juu ya kichwa chake, akitabasamu bila sababu. Nilichukua mkoba wangu nikatoka polepole. Ni hilo tu nililoliona, na sikumwambia mtu.

Kwa hiyo miaka kumi na moja mji ulikuwa na macho na haukuona kitu. Halafu mwezi wa pili mwaka ule majaji wa Nairobi waliamua kwamba shirika la watu wa namna hiyo lina haki ya kusajiliwa, na nchi ikachemka. Kulikuwa na maandamano, kulikuwa na mahubiri. Baadaye ukaja mswada, na kwenye baraza chifu msaidizi akatangaza kwamba sheria imefika: atakayewapangisha watu hao nyumba au duka atafungwa. Siku hiyo hiyo macho yote ya Migori yalifunguka.

Niliutafuta ule mswada kwenye simu. Niliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, na mahali nisipoelewa nikarudia. Ulikuwa umeandikwa, basi. Haukuwa umepigiwa kura. Ile sheria ya zamani iliyoachwa na Waingereza ilikuwapo, na ilikuwa kali, lakini haikusema lolote juu ya mtu anayeshona suti za kwaya kwenye meza ya kukodi. Nilijua hayo yote. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi hiyo Mzee Mosoti alirudi na karatasi iliyochapwa. Ilisema kwamba mpangaji anathibitisha kuwa ndani ya chumba hicho hakuna, wala hatakuwapo, mtu wa tabia hizo. Palikuwa na mstari wa mpangaji na mstari wa shahidi.

"Ni ya kupeleka kwa chifu," alisema. "Bochaberi, sina ubaya na wewe. Sheria ni sheria. Ukiweka sahihi, chumba ni chako. Ukikataa, nakifunga leo."

Shangazi alimgeukia Angwenyi. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Fundi, unajua nina watoto wanne."

"Najua, Mama. Wote nimewashonea sare."

"Nifanye nini?"

"Weka sahihi," Angwenyi alisema.

Akaweka. Kisha Mzee Mosoti akanisogezea kalamu. "Na wewe, msichana. Wewe umesoma chuo. Jina lako lina uzito."

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Niliisikia pajani kama jiwe. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno manne: Mzee, bado si sheria. Rael alikuwa mlangoni na birika, akina mama wawili waliotushonea vifungo walikuwa wameacha sindano, wote wakinitazama, na ulimi wangu ukalala. Nilichukua kalamu. Mwandiko wangu ni mzuri. Walimu waliusifu tangu shule ya msingi. Niliandika Emmah Bonareri, na nikapiga mstari chini yake, kama mtu anayepokea cheti.

Angwenyi aliona mstari huo. Alikusanya mkasi wake, kastabini na chaki, akavifunga kwenye kitambaa. Tepu ya kupimia aliiacha, kwa sababu ilikuwa ya Shangazi. Alipofika mlangoni alinisogeza kidogo kwa mkono apite, kwa adabu, kama ambavyo angemsogeza mteja.

Sijui nani alimwambia Shangazi kwamba vitu alivyogusa Angwenyi vinahitaji kusafishwa. Alifuta cherehani kwa jiki, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, mpaka rangi ya jina la kampuni ikabanduka. Halafu akachukua tepu ile ya kitambaa, aliyoitumia Angwenyi miaka yote, akaitia kwenye sufuria yenye maji, chumvi na jiki, na kuiweka kwenye jiko la Rael.

"Sufuria yangu?" Rael alisema. "Mama, unachemsha tepu kama matumbo?"

"Iive kabisa," Shangazi alisema.

Ilichemka karibu saa nzima. Nilisimama hapo nikiitazama. Ilizunguka ndani ya maji ya manjano, ikajikunja na kujikunjua kama mnyoo, na mvuke wake ukanijaa mdomoni. Nilikimbia nyuma ya choo nikatapika. Shangazi alinifuata akanipapasa mgongo.

"Hata mimi nasikia kinyaa, mwanangu," alisema. "Yule mtu ametuchafulia duka."

Nilijipangusa mdomo kwa mkono, na mkono nao ulinuka jiki.

Vipimo vya kwaya vilichukuliwa upya, kwa tepu hiyo hiyo. Shangazi alipima, mimi nikaandika kwenye daftari jipya. Kwa kuwa hatukuwa tena na mtu wa kukata suti ishirini kwa mkupuo, tulituma namba zetu kwa karakana moja ya Kisii. Huku nyuma duka lilianza kufa. Wanaume hawakurudi, ingawa aliyewatia kinyaa alikuwa ameshaondoka. Walisema mahali palishatajwa. Wanawake wengine walikatazwa na waume zao. Akina mama wa vifungo walikwenda nyumbani. Rael alichemsha birika moja badala ya matatu, na wakati mwingine hilo moja tulilinywa sisi wenyewe.

Suti zilifika wiki moja kabla ya makambi, ambayo mwaka huo yalikuwa Homa Bay. Kwaya ilizivaa uani kwa Mzee Mosoti. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mabega yaliwatangulia, mikono ya makoti ilimeza vidole, suruali zilishikwa kwa ngumi. Yule mwembamba kama ufito alipogeuka, koti lilibaki limetazama mbele.

"Kwaya yenu imekonda kwa maombi," Rael alisema.

Nilirudi dukani peke yangu nikaitandika tepu kando ya rula yangu ya chuo. Niliitandika mara tatu. Inchi sitini za tepu zilikwisha kwenye hamsini na saba za rula. Ilikuwa imerudi, imefupika katika ile sufuria. Kila mtu tuliyempima tulimwongezea mwili asiokuwa nao, na fundi wa Kisii, mwenye tepu nzima, alikata alichoandikiwa.

"Nyamaza," Shangazi alisema nilipomwonyesha. Aliikunja tepu na kuificha ndani ya sidiria. "Watatucheka mpaka tufunge. Tutasema Kisii walikosea."

Siku iliyofuata Shangazi alikwenda hospitalini na mtoto, na mchana Mzee Mosoti akaja. Safari hii hakuwa na leso puani. Aliketi, akatazama mlangoni, akafungua Biblia yake. Katikati ya kurasa zake alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ulikuwa ule ukurasa. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa, kama barua iliyofunguliwa mara nyingi.

"Bonareri, mwanangu," alisema. "Wewe ni mtu wa siri. Nimesikia yule jamaa yuko Homa Bay, kule ziwani. Mpelekee hili koti jipya na hii karatasi. Alirekebishe. Anajua... anajua namna ya kulifanya likae."

Alisimama akalivaa nione. Upande wa kushoto ulianguka kama kitambaa kwenye tawi lililovunjika. Nilimwona kwa mara ya kwanza mzee mwenye bega bovu.

"Usimwambie mtu, hata shangazi yako. Na yeye mwambie tu ni la mteja."

Jasho lilimtiririka shingoni likaingia ndani ya kola. Nilipokea koti. Lilikuwa na joto la mwili wake, na nilisikia kinyaa cha aina ambayo sikuwahi kukijua, kinachoanzia kwenye vidole. Kinyaa kile hakikuwa cha kumwonea yeye peke yake. Nilijiona nami nikilikunja koti vizuri, kwa heshima, na kusema, "Sawa, Mzee."

Nilimkuta Angwenyi kwenye ufuo wa Homa Bay, mahali wanawake wanapoanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alikuwa chini ya bati moja lililoegemezwa kwenye nguzo mbili, akiunganisha neti kuukuu za mbu ziwe shuka kubwa za kuanikia. Hakuwa na cherehani. Alishona kwa mkono, na vidole vyake vilinata kwa magamba.

"Bwakire, Fundi," nilimsalimu kwa Kikisii.

"Bwakire, Bonareri. Keti, lakini si hapo, utalowa."

Nilimuuliza habari za Elkanah. Alisema machimboni wamemwambia asirudi, sasa anatafuta kazi upande wa Mbita. Nilitoa koti na ile karatasi, nikasema ni la mteja. Aliufungua ukurasa, akacheka kidogo puani.

"Paja inchi ishirini na tatu," alisema. "Mteja huyu alikuwa kijana."

Nilikuwa nimejiandaa kusema pole. Badala yake nilisema lile lingine. "Nilijua haikuwa sheria, Fundi. Nilikuwa nimeisoma yote. Siku ile nilikuwa nayo mfukoni."

Sindano ilisimama. "Ulikuwa umesoma?"

"Ndiyo."

Alitazama ziwa, halafu akatazama neti. Alivuta uzi mrefu, akaupitisha, akauvuta tena.

"Mwandiko wako ni mzuri," alisema.

Mwanamke mmoja alipita na karai la omena kichwani akamsalimu, "Fundi, ile yangu ni ya kesho, usinisahau," naye akamjibu kama kawaida. Mimi niliketi pale nikitamani anitukane.

Mwishowe alilikunja koti na kunirudishia, karatasi juu yake.

"Nitalishona. Kazi ni kazi. Lakini vipimo hivi ni vya miaka mitatu iliyopita, nimekuwa nikivirudia tu kila mwaka, na mwili hubadilika. Mwambie aje nimpime. Nipo hapa kila siku, mchana, mbele ya watu wote."

"Hatakuja."

"Basi," alisema Angwenyi. "Hilo si la fundi."

Niliporudi Migori kesho yake, duka lilikuwa na watu. Shangazi alikuwapo, Rael alikuwa akimimina chai, wanaume wawili wa kwaya walikuwa wameleta suruali zipunguzwe, na Mzee Mosoti alikuwa amekaa kwenye kiti cha Angwenyi. Aliponiona na mfuko alinikonyeza tutoke nje. Macho yote yalinigeukia, na ulimi wangu ukaanza kulala kama kawaida yake. Nikanusa mikono yangu. Ilinuka omena.

"Mzee," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Fundi Angwenyi anasema uende Homa Bay mwenyewe akupime. Vipimo ulivyonipa nimpelekee ni vya zamani."

Rael aliacha kumimina.

"Msichana huyu anaota," Mzee Mosoti alisema. "Mimi nimemtuma wapi?"

Nilitoa koti nikaliweka mezani. Nikautandaza ukurasa juu yake, jina lake likiwa juu kabisa kwa mwandiko wa Angwenyi. "Ulikuwa ndani ya Biblia yako. Na ile karatasi ya chifu, naomba ufute jina langu. Kile kilikuwa mswada, si sheria. Nilijua nikaandika hivyo hivyo."

"Bonareri," Shangazi alisema taratibu, "mwanangu, tafadhali."

"Na suti si kosa la Kisii. Tulichemsha tepu, Anti. Ikarudi."

Mmoja wa wanakwaya alicheka, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza na kutazama suruali mikononi mwake. Mzee Mosoti alisimama. Hakupiga kelele; kama angepiga, nisingemwogopa sana.

"Bochaberi, mwisho wa mwezi nakihitaji chumba changu," alisema, akatoka.

"Mzee, karatasi yako," Rael alimwita. "Upepo utaipeleka sokoni na paja lako."

Alirudi kuichukua pamoja na koti. Alilazimika kunipita, na nilimsogeza kidogo kwa mkono apite.

Shangazi hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alitoa tepu alikoificha, akaikata vipande kwa mkasi, na kuniuliza kama Rael angekubali tuweke cherehani moja kwenye kibanda chake. Rael alikuwa ameshasogeza mabenchi.

Makambini Homa Bay kwaya iliimba Alhamisi asubuhi, suti zimebanwa kwa pini mgongoni. Mzee Mosoti alisimama safu ya mbele, bega lake la kushoto limeshuka, na uwanja mzima ukaliona. Niliwasikia akina mama nyuma yangu wakiulizana kama ameugua kiharusi. Nilidhani nitafurahi. Aliimba vizuri, macho ameyafumba, wimbo wa kumpenda jirani, na pini zikimetameta migongoni mwao kila walipovuta pumzi. Nilikaa mpaka ubeti wa pili. Kisha nikaondoka.

Nilitelemka hadi ufuoni na mkasi wangu kwenye mkoba. Angwenyi alinitazama, akasogea kwenye benchi, akanipa upande mmoja wa neti na sindano. Nilishona kama hatua moja hivi. Aliuchukua mshono wangu, akaukagua kwa kidole gumba, akaufumua wote na kunirudishia.

"Karibu zaidi," alisema. "Omena ni wadogo."

Nikaanza upya.